Ndimi za Kilimanjaro: Amana Inayotuponyoka Mikononi

Msafiri anayefika Moshi kwa mara ya kwanza hutumia siku yake nzima akiutazama mlima. Asubuhi mawingu yakipanda hukiona kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, na kando yake Mawenzi yenye meno meno. Wenyeji wana kisa chao juu ya majirani hawa wawili. Wanasema Mawenzi alikuwa na mazoea ya kwenda kwa Kibo kuomba moto, hata siku moja Kibo akachoka, akamshushia mchi, na ndiyo maana hadi leo Mawenzi amebaki na makovu. Hicho ni kisa cha kuwachekesha watoto. Hata hivyo kina funzo juu ya adabu ya ujirani, na kwa karne nyingi kilisimuliwa kwa lugha ya mlimani kabla ya kusimuliwa kwa Kiswahili.

Makala haya hayahusu theluji ya Kilimanjaro, ambayo imekwisha andikwa sana tangu mmisionari Johannes Rebmann alipoiona mwezi Mei 1848, akiongozwa na Mswahili kutoka pwani aliyeitwa Bwana Kheri. Yanahusu kitu kingine kinachopungua katika mlima huo huo bila kupigwa picha na mtu yeyote, nacho ni lugha za watu wake. Ndugu msomaji, kama una mzazi au babu aliyezaliwa Machame, Uru, Marangu, Rombo, Kahe au Ugweno, basi jambo hili limo ndani ya nyumba yako.

Tuanze mjini. Moshi ni mji uliokuzwa na reli. Njia ya treni iliyotoka Tanga ilifika hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na pamoja nayo wakaja mafundi, wachuuzi, makarani na maulamaa kutoka pwani, Upare, Usambara, Uyao na hata Bara Hindi. Baadaye kahawa ikaujenga mji. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Katika mji wa namna hiyo haikuwezekana kila mtu aseme kwa lugha ya kwao. Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja. Leo ukipita sokoni, kituo cha mabasi au kwenye soko la mitumba la Kiboriloni, Kiswahili ndicho utakachosikia, chenye lafudhi ya mlimani inayotambulika papo hapo.

Lakini panda daladala kuelekea juu, na baada ya kilomita chache tu mambo hubadilika. Barabara huingia katikati ya migomba, hewa hupoa, na akina mama walioketi nyuma na vikapu vyao huanza kuzungumza kwa namna nyingine. Wageni huiita lugha hiyo Kichagga, kana kwamba ni moja. Wenyewe wana majina mengi zaidi. Magharibi kuna Kisiha na Kimachame. Ukivuka mto Weruweru unaingia Kibosho, na ukivuka Karanga unakwenda Uru na Old Moshi, ambako husemwa Kiuru na Kimochi. Mashariki zaidi iko Vunjo, yenye Kirua, Kilema, Marangu, Mamba na Mwika, na hatimaye Rombo, ambako usemi wa Keni na Mkuu hautoshani kabisa na ule wa Mashati na Useri.

Sababu ya wingi huo iko wazi kwa anayetembea kwa miguu. Mito inayoshuka kutoka msituni imechimba mabonde marefu, na kila mgongo baina ya mabonde mawili uliwahi kuwa na mangi wake, soko lake na vita vyake. Watu walipanda na kushuka katika mgongo wao kila siku, lakini kuvuka bonde kulikuwa ni safari. Basi usemi ukakua kwa kufuata maji. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo, wote wawili wakiitwa Wachagga, hukutana mjini na kulazimika kuzungumza Kiswahili, kwa kuwa lugha zao zimeachana mno.

Undugu wa lugha hizi unavuka mipaka ya mlima. Wameru wa Arusha, wanaouita usemi wao Kirwa, ni jamaa wa karibu wa Wamachame kwa lugha. Katika tambarare iliyo chini ya Moshi, penye makutano ya reli, wako Wakahe na Kikahe chao. Katika milima ya Upare wa Kaskazini wako Wagweno. Ng'ambo ya mpaka, katika vilima vya Taita nchini Kenya, Kidawida nacho kina mnasaba na kundi hili. Mtaalamu Derek Nurse aliyapanga matawi haya katika utafiti alioutoa mwaka 1979, na kabla yake wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamekwisha andika mengi. Johannes Raum alichapisha sarufi ya Kimochi mwaka 1909, naye Bruno Gutmann alikusanya sheria na mila za Wachagga katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1926. Mwenyeji mmoja, Petro Itosi Marealle, aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947. Ni jambo la kutafakari kwamba mtoto wa mlimani anayetaka kujua sarufi ya lugha ya bibi yake huenda akalazimika kwanza kujifunza Kijerumani.

Mtu anaweza kuuliza: kuna hasara gani lugha ndogo ikipotea, maadamu watu wanaelewana kwa Kiswahili? Jibu linapatikana shambani. Nyumba ya asili ya mlimani imesimama ndani ya kihamba. Neno hilo halina tafsiri ya neno moja. Kihamba ni shamba, ni ua, ni urithi na ni makaburi ya waliotangulia, yote kwa pamoja. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa viazi vikuu, maharage na majani ya mifugo iliyofungwa zizini. Mbolea ya zizi huirudia migomba, na majani ya mgomba hurudi zizini. Kwa mpango huo ardhi ndogo imelisha watu wengi kwa mamia ya miaka. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa ulimwengu, kwa kuiteua Shimbwe Juu iliyoko Uru.

Maji ya vihamba huletwa na mfongo, yaani mfereji unaochukuliwa mbali juu mtoni na kuzungushwa ubavuni mwa mlima kwa mwinamo mdogo hadi ufike mashambani. Mifereji hiyo ilichimbwa kwa majembe, bila vipimo vya kisasa, na wasafiri wa karne ya 19 waliistaajabia. Kila mfongo una ukoo uliouanzisha, una zamu za maji na una siku za kuusafisha. Elimu yote hiyo ilihifadhiwa katika maneno: jina la sehemu inapochepushwa maji, jina la zamu, jina la kosa la mtu anayeiba maji usiku.

Hata ndizi. Mtu wa mjini husema ndizi za kupika na ndizi mbivu, basi. Mlimani mama atakutajia mchare wa mtori, kitarasa, mkonosi, kisukari na nyingine nyingi, na kila moja ina udongo wake, muda wake na chungu chake. Mtoto asiyejua majina hayo atazipita ndizi hizo shambani akiziona zote kuwa kitu kimoja, na siku aina moja itakapotoweka hatakuwa na habari.

Kuna tena jani la isale. Mmea huu mwembamba wenye majani marefu ya kijani hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, na mtu anayeng'oa isale la mpakani huhesabiwa kuwa ametenda kosa kubwa. Lakini isale lina kazi nyingine iliyo bora zaidi. Aliyemkosea jirani au ndugu yake huchukua jani lake, wakati mwingine kwa kumtuma mzee, akalipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na kwa desturi ni aibu kubwa kulikataa. Sisi ambao dini yetu imetusisitizia sulhu, na kutuonya tusimhame ndugu Mwislamu zaidi ya siku tatu, hatuna sababu ya kulidharau jani hili. Linatukumbusha kwamba wazee wetu walijua thamani ya kusameheana, wakaitafutia ishara na maneno.

Sasa tuelekee kwenye lugha zilizo hatarini zaidi. Ugweno, katika wilaya ya Mwanga, ni nchi yenye historia. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi ukoo wa wahunzi, Washana, ulivyotawala huko kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya, walioasisi utawala wenye nguvu. Chuma cha Upare kilipanda hadi Kilimanjaro kikawa majembe na mikuki. Kigweno ni ndugu wa Kichagga kilichoishi kwa karne nyingi karibu na Kipare, yaani Chasu, kikakopa mengi humo. Leo kinasongwa na pande mbili: Chasu kwa majirani, na Kiswahili shuleni, sokoni, msikitini na kanisani. Kikahe nacho, chenye watu wachache katika tambarare inayopokea wahamiaji wengi, kiko katika hali hiyo hiyo.

Lililo zito kuliko yote liko Rombo. Ukifuata barabara ya Himo, Marangu, Mwika na Mkuu hadi Useri, utapita katika nchi iliyokuwa ya watu waitwao Waongamo, au Wangasa. Lugha yao haina undugu na Kichagga wala na Kiswahili. Ni lugha ya Kinilo, jamaa ya Kimaasai, ingawa wasemaji wake walikuwa wakulima waliokaa mahali pamoja. Wataalamu wa historia ya lugha wameona ndani ya Kichagga maneno yenye asili ya huko, na hiyo ni dalili kwamba zamani Waongamo walikuwa wengi na wenye sauti katika mlima huu. Lakini watafiti Bernd Heine na Rainer Vossen walipoichunguza lugha hiyo katika miaka ya 1970, waliwakuta wasemaji wachache tu, tena watu wazima. Hawakuuawa wala hawakufukuzwa. Waliishi na Warombo, wakaoana nao, wakafanya biashara nao, na kila kizazi kikaona ni rahisi zaidi kuwalea watoto kwa Kirombo. Wajukuu wao wapo hadi leo, wanalima na kusoma, ila lugha imebaki katika daftari za watafiti.

Jambo hili si la Kilimanjaro peke yake. Kaskazini-magharibi mwa Urusi, katika misitu iliyo baina ya maziwa ya Ladoga na Onega, kuna watu waitwao Waveps. Ndugu zao wa lugha, Wafini na Waestonia, wana dola, vyuo vikuu na magazeti. Waveps hawana dola. Katika miaka ya 1930 walipatiwa maandishi na shule kwa lugha yao, lakini mwaka 1937 utawala wa Kisovieti ukazifunga shule hizo. Juhudi zilifufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, vitabu vikaandikwa upya, lakini vizazi viwili vilikuwa vimekwisha lelewa kwa Kirusi. Sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu Waveps 8,240, na ile ya mwaka 2010 ikawahesabu 5,936. Jamaa zao Walivonia wa Latvia wako katika hali mbaya zaidi. Bibi Grizelda Kristiņa, aliyehesabiwa kuwa mtu wa mwisho kukipata Kilivonia tangu utotoni, alifariki nchini Kanada mwaka 2013 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100.

Tofauti baina yao na sisi ni kwamba sisi hatukulazimishwa kwa mabavu. Tanzania ilichagua Kiswahili kwa hekima, na tangu mwaka 1967 kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Kimetuepusha na mengi yaliyowafika majirani. Kwetu Waislamu kina daraja ya ziada, kwa kuwa ndicho kilichopandisha dini mlimani pamoja na misafara na walimu wa madrasa. Misikiti iliyopo leo kuanzia Machame hadi Rombo, ingawa waumini wake ni wachache wakilinganishwa na Wakristo wa huko, imelelewa kwa darsa na hotuba za Kiswahili. Hatuwezi kukitukana chombo kilichotuvusha.

Lakini ukweli lazima usemwe. Keti barazani mwa msikiti wowote wa mlimani baada ya sala ya Ijumaa. Wazee watakuwa wakizungumza wao kwa wao kwa lugha yao, wakicheka na kutaniana. Kijana akija kuwaamkia, "Shikamooni, wazee," wote hugeukia Kiswahili mara moja, kwa upole, kama watu wanaomfungulia mgeni mlango. Kijana huyo si mgeni. Amezaliwa mita mia mbili kutoka hapo.

Kwa baadhi ya familia zetu kulikuwa na sababu nyingine. Mtu aliposilimu alijitenga na mbege, na matambiko, na vyakula vyenye damu, na ndivyo alivyotakiwa. Lakini wengine walidhani kwamba lugha nayo ni sehemu ya yale aliyoyaacha, wakaona kwamba kumlea mtoto kwa Kiswahili pekee ni kumlea katika Uislamu. Dhana hiyo haina msingi. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara zake, sambamba na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Katika Surat Ibrahim, aya ya 4, ametufahamisha kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Na Mtume (S.A.W.) alimwagiza Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, wala hakuogopa kwamba lugha ingemharibia dini.

Kuhifadhi lugha hakumaanishi kuhifadhi kila desturi. Mila za mlimani ziliwapendelea watoto wa kiume katika kurithi kihamba, hasa wa kwanza na wa mwisho, na binti alikosa. Sheria ya mirathi ya Kiislamu imempa binti fungu lake, na hakuna Kichagga kizuri kiasi cha kulifuta fungu hilo. Tunaweza kulisema jambo la haki kwa lugha ya wazee wetu, na huenda likawaingia zaidi moyoni.

Hasara ya kwanza huonekana nyumbani, wakati wa Idi au katika safari za Desemba. Gari hufika kutoka Dar es Salaam au Arusha, watoto hushuka, na bibi aliyewasubiri tangu alfajiri huwapokea. Kiswahili anakijua, lakini ni Kiswahili cha sokoni na cha kuulizana hali. Mambo aliyonayo moyoni, namna alivyoolewa, njaa aliyoishinda, sababu ya ukoo fulani na ukoo fulani kutozungumza, yako katika lugha nyingine. Basi huwauliza kama wamekula, nao hujibu wamekula, na baada ya hapo kila mmoja hutazama simu yake. Tumefundishwa kuunga udugu. Je, udugu unaungwa vipi ikiwa kamba yenyewe tumeikata?

Yapo yanayowezekana bila bajeti ya serikali wala kibali cha mtu. La kwanza, mzazi anayeijua lugha aiseme na mtoto tangu akiwa mchanga. Mtoto ana uwezo wa kubeba lugha mbili na tatu bila kuchanganyikiwa. Kiswahili atakipata barabarani na Kiingereza shuleni, lakini lugha ya nyumbani hataipata pengine popote. Wamaori wa New Zealand walianza mwaka 1982 vituo ambamo wazee huwalea watoto wadogo kwa lugha yao pekee, na mfano huo umeigwa katika nchi nyingi. Sisi tunao bibi tayari. Hatuna haja ya kujenga kituo.

La pili, simu ile ile inayotutenga itumike kurekodi. Mwombe mzee ruhusa, mwulize majina ya ndizi, ya mifereji, ya miezi, ya mababu hadi kizazi anachokikumbuka. Mwache aseme kwa lugha yake kwanza, tafsiri ije baadaye. La tatu, mzazi asiyeijua lugha asione haya kuanza na maneno machache. Mtoto anayejua kusema "aika mbe" kwa babu, yaani ahsante kwa heshima, amekwisha fungua mlango. La nne, wasomi wetu walio vyuoni waziangalie lugha hizi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na kazi ya kamusi na sarufi ingali kubwa kuliko mikono iliyopo.

Mlima utabaki, na watalii wataendelea kuupanda. Kihamba, mfongo na isale navyo vinaweza kudumu kwa muda, hata kama wanaovitunza watavitaja kwa maneno ya kuazima. Lakini lugha haina mahali pa kukaa isipokuwa kinywani mwa mtu na sikioni mwa mwingine. Waongamo hawakuketi siku moja wakaamua kuacha kuwa Waongamo. Kila mzazi aliamua kwa ajili ya mtoto mmoja tu, ndani ya nyumba moja tu. Nasi tunaamua hivyo hivyo, jioni ya leo, tunapochagua lugha ya kumwambia mtoto aje ale. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watunzaji wema wa amana alizotukabidhi. Amin.